Kisima cha Baba Jovin na Meno ya Kindness

Shangazi Kandida, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Singe hapa Babati, na safu yako huwa naisoma kwa vipande kwa sababu gazeti linafika nyumbani likiwa limefungia misumari kutoka dukani kwa mume wangu, mara nyingine swali ninalo mkononi na jibu limeondoka na misumari ya mteja, basi naomba hili langu unijibu kwa kirefu, na ukinigombeza nigombeze, ila unisaidie, maana nina jambo linaninyima raha na kwenye nyumba yetu sina pa kulisemea. Majina yote nimeyabadili, isipokuwa la mtaa, na mbuzi sikuona haja ya kumficha.

Jambo lenyewe ni mtoto wangu wa pili, Kindness, ana miaka saba, yuko darasa la kwanza. Meno yake ya utotoni yalipong'oka tulifurahi, bibi yake akayarusha juu ya bati kama ilivyo desturi, tukasubiri mapya, na mapya yalipotoka yalitoka na mabaka ya kahawia kama kikombe cha chai kisichosuguliwa, nikadhani ni uchafu, nikanunua mswaki mpya, nikamsugua mwenyewe mpaka fizi zikatoa damu na mtoto akalia, wapi! Baka liko ndani ya jino lenyewe. Shuleni wanamwita Meno Chai. Siku hizi akicheka anaziba mdomo na kiganja, na mimi nikimwona hivyo moyo unaniuma, Shangazi, unaniuma kweli. Na hayo ni meno tu. Magoti nayo yameanza kuingia ndani, akisimama wima yanagusana wakati nyayo ziko mbalimbali, akikimbia anajikwaa kwa miguu yake mwenyewe, na jioni ananiambia, "Mama, miguu inauma kwa ndani."

Kilichonifanya nianze kudadisi ni kaka yake, Jovin, ana miaka kumi na miwili, baba mmoja, mama mmoja, tumbo hili hili, lakini meno meupe pe na miguu imenyooka kama rula. Nikawa nawatazama wakila, nawatazama wakilala, najiuliza huyu kapata nini ambacho huyu kakosa? Tofauti niliyoiona ni moja. Jovin alilelewa na mama yangu mzazi huko juu milimani Mbulu mpaka alipofika miaka minane, maana mimi nilikuwa nahangaika na maisha huku mjini, na kule walikuwa wanakunywa maji ya chemchemi. Kindness amezaliwa hapa hapa na hajawahi kunywa maji mengine zaidi ya ya kisima chetu.

Sasa hicho kisima ndicho kilicho na kesi, Shangazi. Mume wangu, Baba Jovin, ni mtu wa Kilimanjaro, mchapakazi, ana duka la vifaa vya ujenzi, na nilipokuwa na mimba ya Kindness maji ya bomba mtaani kwetu yalikuwa ya kusuasua, leo yapo kesho hayapo, akaamua kuchimba kisima kirefu uani. Siku maji yalipotoka alikunywa bilauri nzima mbele ya majirani, watu wakapiga makofi, mchungaji akaja akaombea. Maji ni maangavu, hayana harufu, ni matamu, na mume wangu hamtozi mtu senti, kila asubuhi watoto wa mtaa mzima wanapanga foleni na ndoo zao, wanasema, "Shikamoo Mama Jovin, ahsante kwa maji." Wanamwita Baba wa Maji. Ukikisema vibaya kile kisima ni kama umemtukana yeye.

Mimi nilianza taratibu. Tuna mbuzi jike ambaye baba yangu alituletea kutoka milimani akiwa mkubwa tayari, na mwanawe aliyezaliwa hapa uani, siku hizi naye ni mkubwa. Siku moja nikapata wazo, nikamkamata mama nikamfungua mdomo, meno meupe, nikamkamata mwana nikamfungua mdomo, Shangazi, kahawia! Kahawia tupu, mabaka yale yale ya Kindness! Nikawa nimepiga magoti pale na mbuzi kwapani namchungulia, mara mume wangu huyo, amesimama na kikombe chake, ananiuliza, "Mama Jovin, umekuwa daktari wa meno wa mbuzi?" Nikamwambia nilichokiona, na mashaka yangu juu ya maji nikamwambia hapo hapo.

Hakukasirika, angekasirika ningekuwa na nafuu. Alinijibu kwa upole. Akasema, "Mimi nayanywa maji haya tangu siku ya kwanza, nitazame meno. Jovin anayanywa mwaka wa nne sasa, mtazame. Na watoto wa Mama Ludovick wanachota hapa hapa, hebu kawatazame miguu yao, halafu uje uniambie kisima changu kina nini." Nikaenda kuwatazama. Mama Ludovick ni jirani yetu, mtu wa Kanda ya Ziwa, na ni kweli, watoto wake wana madoa madogo kwenye meno lakini miguu imenyooka, wanacheza mpira kutwa nzima.

Na hapo ndipo kichwa kinaniuma, Shangazi, kwa sababu Mama Ludovick, Mungu anisamehe, si mtu wa kujali. Watoto wake wanashinda juani vifua wazi, chakula chao ni ugali na dagaa, kesho ugali na dagaa, keshokutwa dagaa na ugali, na maji wanachota kwenye ndoo wanakunywa bila kuchemsha. Mimi ninayechemsha maji mpaka yanabaki nusu sufuria ili nisiache hata mdudu mmoja, mpaka birika langu linaota utando mgumu mweupe kama chokaa naukwangua kwa kisu, mimi ninayewaweka watoto ndani wasipigwe jua wala vumbi, watazame katuni zao kwa utulivu, ninayehakikisha Kindness haendi shule bila chai yake ya rangi iliyokolea na kwamba mchana anakuta makande, ndiye wa kwangu amepinda. Na makande yenyewe si ya kubahatisha, anayapika mama mkwe wangu, bibi yao, tunaishi naye, jiko ni lake, na mkono wake hauna mpinzani, anatia kipande chake cha magadi, mahindi yanalainika mpaka yeye aliyebakiza magego mawili anatafuna bila shida, na mkaa hauliwi. Sasa haki iko wapi?

Bibi naye ana yake. Anasema miguu ya mtoto imepinda kwa sababu mimi sikuikanda na kuinyoosha alipokuwa mchanga, nilimwacha akasimama mapema, wasichana wa siku hizi hatujui kulea, na ameshaongea na mzee mmoja mnyoosha viungo, shule zikifungwa atampeleka akafungwe vijiti kwenye miguu mpaka magoti yarudi. Mume wangu amenyamaza, na kwa mama yake kunyamaza kwake ni kukubali.

Na kuna kitindamimba, Severine, ana miezi mitano, nanyonyesha, hajaonja kitu kingine. Mwezi ujao anaanza uji. Bibi ameshasagisha unga wa lishe na kisufuria chake kidogo kimetengwa. Kila nikikiona kile kisufuria naogopa.

Shangazi, nikuambie na hili ndipo nimalize. Nimefikiria ninyamaze. Niwe nanunua maji ya dukani kwa siri, niyafiche chumbani, niwapikie wanangu kwayo, kisima kibaki kama kilivyo na jina la mume wangu libaki kama lilivyo. Halafu asubuhi nasikia, "Ahsante kwa maji, Mama Jovin," nachungulia dirishani naona mtoto wa Mama Ludovick amejitwisha ndoo, narudisha pazia haraka.

Niambie, ni maji, au ni mimi? Kama ni maji, kwa nini yamchague Kindness? Na nikiongea, nianzie wapi bila kuvunja nyumba?

Mimi, Mama Jovin, Singe.

* * *

SHANGAZI KANDIDA ANAJIBU

Marahaba, Mama Jovin. Pole mwanangu. Nakupa pole kwanza, kisha nakugombeza kama ulivyoomba.

Hapo kwenye mbuzi nilicheka peke yangu mpaka wenzangu ofisini wakaja kuchungulia. Lakini baada ya kucheka niliisoma upya, kwa sababu umefanya jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi: umeuliza, kisha ukaenda kuangalia mwenyewe. Kuuliza si ujinga. Tatizo lako ni moja tu, mpelelezi wangu. Umepekua banda la mbuzi, umepekua nyumba ya jirani, jikoni kwako hukuingia.

Barua yako niliisoma mimi, kisha nikawasomea daktari wa watoto na mtaalamu mmoja wa maji, bila majina. Wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, waliniuliza kwanza kama ninyi ni watu wa ukanda wa Bonde la Ufa. Huku kwetu ardhi ina miamba ya volkano, na maji yanayokaa chini kwa muda mrefu huyeyusha madini yanayoitwa floraidi. Haya hayana rangi, hayana harufu, na ulimi hauyajui. Yakiwa kidogo yanaimarisha meno, ndiyo maana yamo hata kwenye dawa ya meno. Yakizidi, yanaharibu jino linapoumbwa, na yakizidi sana yanaingia kwenye mfupa wa mtoto anayekua. Kwa hiyo ile bilauri aliyokunywa Baba Jovin mbele ya watu ilithibitisha kwamba maji hayana tope. Madini hayaonekani kwa macho, wala kwa makofi.

Sasa nikujibu hayo mafumbo yako.

Kwa nini Jovin amepona? Meno ya ukubwani hayaumbwi siku yanapotoka, yanaumbwa miaka mingi kabla, yakiwa bado ndani ya fizi. Jovin alipoteremka kutoka kwa bibi yake milimani, meno yake ya mbele yalikuwa yameshaumbwa kwa maji ya chemchemi. Maji ya kisima yalimkuta kazi imekwisha. Baba Jovin naye ni hivyo hivyo, meno yake yaliumbwa Kilimanjaro kwa maji ya mlimani yasiyokaa chini muda mrefu, sasa anayatumia kutetea maji ya Singe! Mbuzi wako mkubwa naye alikuja na meno yake kutoka kwao. Kindness na yule mbuzi mdogo ndio waliojengwa hapa. Na Baba Jovin asijisifu sana, mtu mzima akinywa maji ya namna hiyo miaka na miaka, mifupa na mgongo huja kudai chao.

Mbuzi hali makande wala hanywi chai. Kwa hiyo kama meno ya yule mdogo yamekuwa kahawia, mashaka yako juu ya maji yana msingi, na hapo nakupongeza.

Haya, Mama Ludovick. Watoto wake wana madoa kwenye meno, umesema mwenyewe, kwa hiyo kisima hakikuwaruka. Ila miguu imenyooka. Ulipofika hapo uliishia kulalamika kwamba hakuna haki, wakati jibu ulikuwa umeshaliandika kwa mkono wako. Rudia barua yako. Makande ya kila siku, laini, ya magadi.

Magadi hayo, mwanangu, yanatoka kwenye ardhi na maziwa ya ukanda huu huu, na mengi yana floraidi ile ile, tena ya kushiba. Mtoto wako anaipata kwenye maji, anaipata tena kwenye makande yaliyopikwa kwa maji hayo na magadi juu yake, na asubuhi amekwisha kuipata kwenye chai ya rangi iliyokolea, maana majani ya chai nayo yanayo. Halafu unachemsha maji mpaka yanabaki nusu! Hebu fikiria supu ya chumvi ukiiacha jikoni ikapungua, chumvi inapungua? Inazidi. Kuchemsha kunaua vijidudu, madini hakugusi, maji ndiyo yanaondoka na madini yanabaki. Ule utando unaoukwangua kwenye birika ungekuambia zamani kwamba kuna vitu kwenye maji ambavyo moto hauviondoi. Sisemi uache kuchemsha, kipindupindu si mchezo. Maji yakitokota vizuri, ondoa. Usiyapike kama maharage.

Na dagaa. Ah, Mama Jovin! Umemdharau jirani kwa dagaa, na dagaa anayeliwa na mifupa yake ndiye anayewapa watoto wale madini ya kujenga mfupa. Jua unalowafungia wako mlango ndilo linalousaidia mwili kuyatumia madini hayo. Mama Ludovick hajui kwamba anawakinga, lakini anawakinga. Wewe umejitahidi kuliko mama yeyote wa mtaa huo, na mahali pengi ulipojitahidi ndipo palipokuumiza. Hilo si kosa la kulilia usiku kucha, hukuambiwa. Leo umeambiwa.

Umeniuliza ni maji au ni wewe. Si wewe. Na si kwa sababu hukumkanda miguu, mwambie yeyote asemaye hivyo kwamba nimekataa mimi.

Lakini nisikudanganye. Mimi si daktari, na huyo daktari hajamwona mtoto. Magoti kugongana kuna sababu zaidi ya moja, kukosa jua na lishe kukiwemo, na mbili zinaweza kumkuta mtoto mmoja. Kwa hiyo usisubiri shule zifungwe. Mpeleke Kindness hospitali wiki hii, omba apigwe picha ya mifupa, na mweleze daktari yote, maji, magadi na chai, kama ulivyonieleza mimi. Mfupa wa mtoto bado unakua, na unaokua unaweza kusaidiwa, ndiyo sababu nakukimbiza. Meno nayo yana matibabu ya kuyapunguzia mabaka, hata kama si leo. Na mtu yeyote asimfunge mtoto huyo vijiti. Mfupa wenye shida ukibanwa kwa nguvu unavunjika. Hapo sina adabu ya kuongeza.

Kwa bibi nenda kwa heshima. Usiende na magadi mkononi kama polisi aliyeshika bangi. Yule mama amepika kwa upendo na kwa werevu wa kuokoa mkaa, na alipikiwa hivyo tangu mtoto. Mwambie, "Mama, makande yako hayana mpinzani, naomba unisaidie jambo kwa ajili ya Kindness." Loweka mahindi na maharage usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, pika asubuhi, yatalainika. Magego yake mawili yakigoma, yapondeponde kwa mwiko. Ila kabla hujaenda, maneno haya yaanze kwa mwanawe wa kumzaa, siyo kwako. Mama akiambiwa na mkwe ni kuvunjiwa heshima, akiambiwa na mwanawe ni habari.

Sasa tufike pale ulipotaka kunyamaza. Nimekusikia, na nakuelewa, mke hapendi kuwa wa kwanza kumshusha mumewe. Lakini umechungulia dirishani ukamwona mtoto na ndoo kichwani, ukajua, kisha ukafikiria kuficha maji masafi chumbani kwako. Hapana, Mama Jovin. Hapana kabisa. Ukinunua kwa siri, siku itakapojulikana mtaa hautasema Baba wa Maji hakujua. Utasema mkewe alijua, akawanywesha wake mengine. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa maradhi unayotaka kuyaficha yamo kwenye ndoo za watoto wa wenzio.

Na kwa kuwa gazeti hili linafika dukani kabla ya kufungia misumari, naomba ukurasa huu nimpe na mwenyewe.

Baba Jovin, hujambo? Majina yamebadilishwa, lakini mbuzi umemtambua. Hakuna aliyekutukana. Ulichimba maji watu walipokuwa na kiu, ukawapa bure, na hilo halifutiki. Ila duka lako linauza nondo, na najua huwezi kumuuzia mtu nondo bila kujua ni ya milimita ngapi. Maji je, uliyapima wapi? Chukua chupa safi, jaza, peleka maabara ya maji, na upeleke wewe, si mkeo. Kipimo kikitoka salama, utatuletea majibu na mimi nitakuomba radhi kwenye ukurasa huu huu. Kikitoka kibaya, waite wale wale waliopiga makofi, uwaambie kwa mdomo wako: maji haya tutafulia, tutamwagilia mboga, tutafyatulia matofali, watoto wasinywe na tusipikie. Yapo machujio ya kuondoa madini hayo, waulize wataalamu wa maji hapo maabara. Na wewe, mwenye mabati na mabomba dukani, nani Singe atakuzidi kwa kufunga mifereji ya kukinga maji ya mvua? Funga kwako, kisha wafundishe majirani. Jina la Baba wa Maji utabaki nalo, na safari hii utalistahili zaidi. Na mama yako, ongea naye leo. Ukimya wako ameuchukua kuwa ruhusa.

Mama Jovin, narudi kwako, nimalize.

Kindness umfungulie mlango akacheze juani na watoto wa Mama Ludovick, mchana apate dagaa, chai ipumzike, ukiweza apate maziwa. Nenda kamsalimie Mama Ludovick, umuulize dagaa wake anawakaangaje. Hutakiwi kuungama lolote, uliza tu, hiyo kazi unaijua.

Halafu Severine. Katika yote uliyoniandikia, hilo ndilo lililonifanya nikujibu wiki hii badala ya kukuacha usubiri foleni. Maziwa ya mama yanapitisha floraidi kidogo mno, hata kama wewe unakunywa maji ya kisima. Miezi yote hii mitano, bila kujua, umekuwa chujio la mtoto wako. Endelea kumnyonyesha. Uji wake usiuzuie, ukifika wakati wake apewe, lakini kile kisufuria kisiguse maji ya kisima mpaka majibu yatoke. Wakingie ya mvua, yeye na Kindness, kama mvua hamna wanunulie ya dukani, uyaweke mezani watu wote wayaone, na bibi akiuliza kwa nini, mjibu.

Leo jioni ukimaliza kumnyonyesha, mfungue mdomo kama ulivyomfungua mbuzi. Utaona fizi tupu. Humo ndani, meno yake ya ukubwani yanaanza kuumbwa sasa hivi, na hayajaamua bado yawe ya rangi gani.